Kukri ya kukatia kuni: chagua chuma, kisha ipime kwa tupa

Karibuni watazamaji. Mezani nina kukri, kisu kizito kilichopinda kutoka Nepal, na sitaki kuitundika ukutani, nataka ikate magogo. Kwa hiyo urembo wa mpini tutauacha kwanza. Tuanze na chuma.

Muulize muuzaji imefuliwa kwa chuma gani. Wahunzi wa Nepal wamezoea kutumia springi kuukuu za malori, na usilidharau hilo, hata mafundi wetu wa mapanga huzisaka springi hizohizo. Nyingi ni chuma kinachoitwa 5160, chenye kaboni karibu asilimia 0.6 na kromiamu isiyofika asilimia 1. Chuma hicho kinabeba lori limejaa, kinapigwa na mashimo ya barabarani, na hakikatiki. Ukiambiwa 1075 au 1095, tarakimu mbili za mwisho ndizo kaboni: asilimia 0.75, asilimia 0.95. Kaboni ikipanda makali yanadumu zaidi, ila chuma kinakuwa rahisi kumeguka. Kwa kisu cha gramu 700 kinachotua kwenye fundo la mti, mimi naishia 1075. D2, chuma kigumu cha zana, inasifiwa sana, lakini iacheni kwa visu vidogo. Stenlesi ya bei rahisi ni ya kuuziwa watalii.

Hata hivyo jina la chuma si kitu kama mhunzi hakujua kukikaza. Hapa ndipo pa kukaa kidogo. Mhunzi wa Nepal hachovyi kisu kizima. Anakipasha mpaka kiwe chekundu, anashika birika, anamimina maji kwenye makali tu, akienda na kurudi kwenye hili tumbo, yaani sehemu pana ya makali. Makali yanapoa ghafla na kukaza, halafu joto lililobaki mgongoni linashuka na kuyalegeza kidogo yasiwe kama kioo. Unapata tumbo gumu na mgongo unaostahimili mshtuko.

Tulihakiki. Chukua tupa nzuri, isiyochakaa. Iweke mgongoni, sukuma. Inang'ata, ona unga wa chuma unavyodondoka kwenye karatasi. Sasa ilete hapa tumboni, karibu kabisa na makali. Sauti imekuwa nyembamba, tupa inateleza, na karatasi haipati kitu. Nenda kwenye ncha: inaanza kung'ata tena. Usishtuke, ncha na sehemu ya karibu na mpini huachwa laini makusudi. Tupa iking'ata kila mahali, umeuziwa pambo. Ikiteleza kila mahali hadi mgongoni, mrudishie mwenyewe, maana hicho kitakatika vipande. Vya kiwandani hukazwa sawasawa kote, kwa hiyo kipimo hiki ni cha vilivyofuliwa kwa mkono.

Unene wa mgongo: wangu hapa, karibu na mpini, una milimita 9, kisha unapungua kuelekea ncha. Usiponenepa hivyo ni panga lililopinda tu.

Mpini. Kuna wenye ulimi mwembamba wa chuma uliogandishwa ndani kwa gundi ya utomvu, na kuna wenye bamba zima lililobanwa kwa ribiti pande zote mbili. Wa pili ni mzito na unatetemesha mkono zaidi, lakini ukilegea unauona mapema. Shika kisu, gonga mgongo kwa kiganja. Ukisikia kitu kinacheza ndani, usikikatie.

Kabla ya kukata, kichomoe vizuri. Shika ala upande wa mgongo, vidole visizunguke upande wa makali, kwa sababu makali hupasua ala na kukufikia. Haya, anza na mti laini, kisha mkavu. Kikinasa kwenye gogo usikipindepinde. Kinyanyue kwa kutikisa juu na chini.

Sasa kagua makali kwenye mwanga. Yakikunjika kidogo, ni dawa ndogo tu: pitisha chakmaki, kile kichuma butu kinachokaa ndani ya ala, mpaka yanyooke. Yakimeguka, kunoa kwanza kabla ya kukata tena, na kikimeguka tena palepale baada ya kunolewa, kimekazwa kupita kiasi.

Kunoa ni kwa msasa wa namba 400, kisha 1000, juu ya kipande cha mpira laini, ukivuta kisu kurudi nyuma. Mpira unabonyea na kulinda ule uvimbe wa makali ambao ndio unaopasua mti. Mashine ya kusagia sipendi. Chuma kikishageuka rangi ya buluu pale kwenye makali, ugumu umeondoka, na msasa hauurudishi.

Ukimaliza, futa utomvu, paka mafuta ya cherehani, na usikiache ndani ya ala ya ngozi wiki nzima. Ngozi inatunza unyevu, na 5160 inashika kutu.