Kabla ya kuhesabu miaka 39, hesabuni nafasi

Ndugu mwenyekiti, wazee wangu mliokaa mbele, na nyinyi vijana wa uandishi wa habari, ambao kwa kweli ndio niliowafuata hapa, asanteni kwa kunikaribisha. Wengine mmeshanisikia nikilisema hili, na leo nalisema tena kwa sababu bado tunalikosea. Mtangazaji anafungua kipindi: "Taifa Stars ilikaa miaka 39 bila kufuzu AFCON." Yaani timu ya taifa ya Tanzania haikufika fainali za Kombe la Mataifa ya Afrika. Basi, anaishia hapo. Kutoka 1980 hadi 2019, toa, unapata 39, kipindi kinaendelea. Hesabu ni sahihi. Kilichokosewa ni kila kitu kilichoachwa nje ya hesabu hiyo.

Swali langu ni moja. Mwaka 1980 Afrika nzima iliingiza timu ngapi kwenye fainali hizo?

Nane. Na kati ya hizo nane, Nigeria aliingia kwa kuwa ni mwenyeji na Ghana kwa kuwa ni bingwa mtetezi. Zilizobaki kugombewa uwanjani ni nafasi sita, bara zima. Mwaka 2019 walikwenda Misri 24. Ishirini na nne! Karibu nusu ya wanachama wote wa CAF, shirikisho la soka la Afrika. Sasa mnapoweka 1980 na 2019 kwenye mstari mmoja mkasema "tulifuzu mara hii na mara hii", mnawaweka sawa watu waliopita kwenye tundu la sindano na watu waliopita mlangoni. Siwabezi wa 2019, nitawafikia. Lakini sikubali wazee wa 1980 wapunguzwe wakawa mwanzo wa hesabu ya ukame tu.

Twende Zambia, nielezeeni ninyi vijana kama mlifundishwa hili.

Mwaka 1979. Nchi imetoka vitani. Majeshi yetu yameingia Kampala mwezi wa nne. Hazina imekauka, tumeambiwa tufunge mikanda. Mwaka huohuo klabu ya Simba wanakutana na Mufulira Wanderers wa Zambia kwenye Klabu Bingwa Afrika. Mechi ya kwanza Dar es Salaam, Simba anafungwa nne bila, nyumbani, mbele ya watu wake. Wazee hapa mbele wanatikisa vichwa, wanaikumbuka. Ukifungwa nne kwako, marudiano unakwenda kukamilisha ratiba. Simba wakaenda Lusaka wakashinda tano bila. Jumla tano kwa nne, Wazambia wametolewa kwao. Mabao matatu kati ya hayo alifunga kijana mmoja, Thuweni Ally. Lishikeni jina hilo.

Kwenye kufuzu fainali za 1980, Stars walianza na Mauritius. Tukafungwa 3-2 kwao, tukawarudishia 4-0 Dar. Halafu mtoano wa mwisho ukatupa Zambia yenyewe. Na Zambia ya wakati ule msiipime kwa jina tu. Ilikuwa imecheza fainali ya Afrika mwaka 1974, na mwaka 1978 ilikuwepo tena kwenye nane bora kule Ghana. Hapakuwa na kundi la timu nne ambamo unapoteza mechi mbili na bado una matumaini. Ni nyumbani na ugenini, aliyeshindwa anarudi shambani kwake.

Dar tukashinda 1-0. Bao moja, basi. Ukienda Ndola, kwao Zambia, na bao moja mkononi, umebeba yai. Tarehe 26 Agosti Zambia wakatangulia kufunga. Jumla ikawa 1-1, mikwaju ya penalti inanukia, uwanja mzima unapiga kelele, na nyumbani watu wamejikunyata kwenye redio. Tanzania Bara hatukuwa na televisheni wakati ule, televisheni ilitufikia miaka ya 1990. Mlichokuwa nacho ni sauti ya mtangazaji wa Redio Tanzania na mapigo ya moyo wako mwenyewe. Dakika zimekwisha karibu zote, Peter Tino anasawazisha. 1-1. Tunakwenda Lagos.

Nasimama hapa kidogo, mwenyekiti nivumilie, kwa sababu hapa ndipo panaponiuma. Bao la Peter Tino pale Ndola, kwa maoni yangu, ni bao kubwa kuliko yote yaliyowahi kufungwa na mchezaji mwenye jezi ya taifa letu. Liliipeleka nchi kwenye timu nane za Afrika, ugenini, dhidi ya timu iliyotuzidi kwa rekodi, katika mwaka ambao nchi ilikuwa imechoka. Nikiuliza vijana kwenye kumbi kama hii nani alifunga Ndola, mikono inayoinuka ni ya wenye mvi. Nikiuliza nani alifunga dhidi ya Uganda mwaka 2019, wote wanajibu: Msuva, Erasto Nyoni kwa penalti, Aggrey Morris. Vizuri, mjue. Lakini mjue yote.

Najua mtu ananiandalia swali: "Mzee, hao wenyewe walikwenda Nigeria wakapata nini? Pointi moja!"

Haya, tuiangalie hiyo pointi moja. Tarehe 8 Machi 1980, mechi ya ufunguzi, Stars dhidi ya mwenyeji, Lagos. Tukafungwa 3-1. Ila Juma Mkambi, tuliyemwita Jenerali, alirudisha moja kipindi cha pili, ikakaa 2-1 mpaka dakika za mwisho ndipo Odegbami akaweka la tatu. Nigeria hao ndio waliochukua kombe, wakampiga Algeria 3-0 kwenye fainali. Mechi ya pili, Misri, tukafungwa 2-1, bao letu Thuweni Ally. Misri wakamaliza nafasi ya nne. Mechi ya tatu, Ivory Coast, 1-1. Nani kasawazisha? Thuweni Ally. Yuleyule wa Lusaka. Hatukukosa bao hata mechi moja. Langoni tulikuwa na Juma Pondamali, nyuma Leodegar Tenga na Jellah Mtagwa, na hapakuwa na mchezaji wa kulipwa Ulaya hata mmoja wa kumtegemea. Makundi yalikuwa mawili tu, wawili wa juu wanaingia nusu fainali moja kwa moja. Hapakuwa na mlango wa mshindi wa tatu bora.

Linganisheni na Morocco, fainali za 2025. Tumefungwa na Nigeria 2-1, sare na Uganda 1-1, sare na Tunisia 1-1. Pointi mbili, hatujashinda mechi, tukaingia 16 bora kwa mara ya kwanza katika historia yetu. Nilifurahi, nililia hata. Bao la Feisal Salum dhidi ya Tunisia nitalikumbuka. Pale 16 bora tulifungwa na mwenyeji 1-0 tu, na vijana walistahili kupigiwa makofi. Lakini mwandishi anayesema hii ndiyo Stars bora kuliko zote kwa sababu imefika hatua ambayo nyingine hazikufika, huyo amesoma jina la hatua na hajasoma kanuni. Mwaka 1980 hatua hiyo haikuwepo! Kuwepo kwenye fainali zenyewe kulimaanisha umo kwenye nane.

Sasa, nisije nikageuka wakili wa kila kosa. Kuna hoja nyingine nzito zaidi, na huletwa na Wakenya, na wana haki. Wanasema: kama shida ni nafasi chache, mbona sisi tulikwenda 1988 na 1990, timu zikiwa nane vilevile? Na Uganda ilikwenda 1974, 1976, 1978, na hiyo ya mwisho ikacheza fainali kabisa na Ghana pale Accra. Ni kweli. Nafasi chache zinaeleza sehemu ya ukame, hazielezi wote. Kuanzia 1998 fainali zikawa na timu 16, mlango umepanuka mara mbili, na sisi bado hatukupita kwa miaka ishirini. Hapo hakuna kanuni ya kujificha nyuma yake. Mwaka 1995 tulikuwa wa 65 kwenye orodha ya FIFA. Mwaka 2005 tukaanguka hadi 175. Miaka kumi tu! Ukinitaka nikuonyeshe ukame wa kweli, nitakuonyesha hiyo miaka kumi, wala sitakuambia 39.

Na Uganda hao hao, baada ya 1978 walirudi lini? 2017. Hesabuni. Thelathini na tisa, idadi ileile yetu. Walirudi fainali zikiwa na timu 16, kwa hiyo nawavulia kofia. Lakini ukiona majirani wawili wamekaa nje miaka sawasawa, acha kuzungumza habari za mkosi. Uliza ligi ziliendeshwaje, mashindano ya shule yalikwenda wapi, nani alikuwa analipa kambi ya timu ya taifa.

Mzee Mwinyi, Mungu amrehemu, alisema timu yetu imekuwa kichwa cha mwendawazimu, kila kinyozi anajifunzia kunyoa. Alisema kwa uchungu, na wakati ule alisema kweli. Tatizo ni kwamba kauli ile imemeza historia yote. Kijana anaamini kichwa kile kilikuwa cha mwendawazimu tangu kuzaliwa. Hajui kwamba Tanganyika ilichukua Kombe la Gossage, la Afrika Mashariki, mara tatu mfululizo, 1949, 1950 na 1951, halafu tena 1964 na 1965. Hajui kwamba Challenge, kombe la Afrika Mashariki na Kati, tuliichukua 1974 hapa Dar dhidi ya Uganda, tukaichukua tena 1994 Nairobi dhidi ya Uganda haohao, zote kwa penalti. Hiyo 1994 imo katikati ya ile "miaka 39 ya ukame". Na mwaka uliofuata, 1995, Zanzibar wakaichukua wao. Miaka miwili mfululizo kombe la ukanda mzima liko ndani ya Jamhuri yetu, na bado mnaniambia hapakuwa na kitu!

Nilitaka kuzungumza kwa kirefu habari za kocha Maximo, naona mwenyekiti anaangalia saa. Kwa kifupi. Yule Mbrazili alikuja 2006 na akarudisha watu uwanjani. Kwenye kufuzu fainali za 2008, Burkina Faso tuliwafunga kwao na kwetu, Senegal tukatoka nao sare Mwanza. Septemba 2007, kwenye uwanja mpya, tulihitaji kuifunga Msumbiji tukafungwa 1-0. Mimi naiweka mechi ile pamoja na Ndola kama mechi mbili za kusomwa darasani, moja tulivyopita na nyingine tulivyokwama. Mwaka 2009 akatupeleka CHAN ya kwanza kabisa, mashindano ya Afrika ya wachezaji wa ligi za nyumbani, tukamfunga mwenyeji Ivory Coast 1-0 kwa bao la Mrisho Ngassa. Mwaka mmoja baadaye, chini ya kocha Poulsen, tukamfunga tena Ivory Coast 1-0 kwenye fainali ya Challenge hapa Dar, penalti ya Nsajigwa. Halafu 2015 Algeria, sare 2-2 hapa, saba bila kule Blida. Saba! Ukiandika historia, uiandike na hiyo.

Ya 2019 nayo ielezwe vizuri. Tulishinda mechi mbili kati ya sita, tukapata pointi nane, na Uganda tuliowafunga 3-0 siku ile walikuwa wameshafuzu kabla ya kuja. Tulihitaji pia Lesotho asishinde kule Cape Verde. Haya hayaondoi furaha ya siku ile. Ni kweli tupu, na mwandishi akiogopa kuisema kwa sababu itaharibu sherehe, atafute kazi nyingine.

Mshambuliaji wetu Samatta sikumgusa, Twiga Stars, timu yetu ya wanawake, sikuwagusa, na hao wanastahili mhadhara wao peke yao: wamefuzu fainali za Afrika za wanawake 2010 na tena zile zilizochezwa Morocco 2025. CHAN ya 2025 tuliyoandaa na Kenya na Uganda, tukafika robo fainali, pia naiacha.

Ninachowaomba, vijana, ni kazi mbili. Ya kwanza, wazee wa kikosi cha Ndola waliobaki, nendeni mkawahoji mwaka huu. Msiende na swali la "unajisikiaje". Waulizeni kambi ilikuwa wapi, walisafirije, walilipwa nini, nani alimpasia Tino. Rekodini sauti, andikeni, wekeni nakala zaidi ya moja. Ya pili inahusu 2027. Fainali zinakuja kwetu, Kenya na Uganda, na sisi watatu tunaingia kwa uenyeji. Itakuwa AFCON yetu ya tano. Mpaka sasa tumecheza mechi 13 za fainali hizo, sare tano, tumepoteza nane, hatujashinda hata moja. Huenda ya kwanza tukashinda hapa hapa, kwenye uwanja wa Mkapa. Siku hiyo mtaandika kwa herufi kubwa, na mna haki. Ila kwenye jedwali lenu, mbele ya kila mwaka, wekeni safu mbili zaidi: timu ngapi zilishiriki, na sisi tuliingiaje. 1980: timu 8, kwa kumtoa Zambia. 2027: timu 24, mwenyeji.

Maswali nayapokea. Yule kijana wa nyuma ameinua mkono tangu nilipowataja Wakenya, aanze yeye.