Kutoka Dijon hadi Makutupora: nadharia ya sayansi imejengwa na nini?

Mbukwenyi, walimu wangu na wanafunzi. Naomba tuanze na maji. Kwa miaka mingi mji huu wa Dodoma umekunywa maji ya visima vya Makutupora, yanayopita chini ya ardhi katika granaiti iliyochakaa na kupasuka. Mhandisi akitaka kujua yanasogeaje, hushika kanuni ya Henry Darcy, aliyeipata Dijon, Ufaransa, akaichapisha mwaka 1856. Darcy alipitisha maji kwenye bomba lililojaa mchanga. Tofauti ya kimo cha maji kati ya ncha mbili ikiongezeka, yanapita mengi zaidi. Safu ya mchanga ikirefuka, yanapungua.

Je, nadharia ndiyo hiyo kanuni?

Mwanafalsafa Rudolf Carnap na wenzake wangekaribia kusema ndiyo. Kwao nadharia ni mfumo wa sentensi: juu aksiomu, yaani kauli za msingi za nadharia zilizoandikwa kwa lugha ya mantiki, chini maneno ya vitu tunavyoviona, katikati kanuni za kuunganisha pande hizo mbili. Naiheshimu kazi yao, maana inamlazimisha mtu aseme wazi anachomaanisha. Lakini tafsiri kanuni ya Darcy kwa Kiswahili: sentensi zote zimebadilika, nadharia ni ileile. Kwa hiyo wanafalsafa Patrick Suppes, na baadaye Bas van Fraassen, wakasema nadharia ni familia ya modeli, yaani mifano inayoonyesha jinsi mambo yanavyoweza kuwa, na sentensi ni njia tu ya kuzieleza.

Suppes aliongeza, mwaka 1962, jambo ninalolipenda kuliko yote: hata data zina modeli zake. Fikirini mtu anashusha utepe kisimani na kuandika kina cha maji. Pampu ya jirani inanguruma, maji yameshuka. Mwezi mwingine hakuna aliyepima. Kabla namba zile hazijakutana na kanuni yoyote, kuna mtu ameshaamua kipi ni kazi ya pampu na kipi ni kazi ya mvua: hiyo ndiyo modeli ya data.

Mwaka 2013 watafiti walichapisha uchambuzi wa rekodi ya miaka 55 ya Makutupora. Walionyesha kwamba akiba ile haijazwi kidogo kidogo kila msimu. Inategemea misimu michache ya mvua kubwa mno, kama ya El Niño ya 1997/98. Jambo hilo hulipati kwa kukokotoa kutoka kwa Darcy peke yake, hata ukikesha. Linahitaji modeli ya mvua, ya udongo, ya mwamba wenyewe. Ndiyo maana mimi niko upande wa Mary Morgan na Margaret Morrison, walioeleza mwaka 1999 kuwa modeli ni wapatanishi: si mali ya nadharia, wala si mali ya data.

Darasani siku hizi sianzi na kanuni. Naleta chupa ya plastiki iliyokatwa kitako, ndoo, na mchanga wa korongoni. Tunapima, na Darcy anakubali vizuri. Kisha namwaga mchanga, naweka kokoto kubwa. Maji yanakimbia, tunaongeza kimo mara mbili, lakini yanayopita hayafiki mara mbili. Wanafunzi wanarudia kupima, wakidhani wamekosea wao. Nawaacha wapime mara ya tatu, halafu nauliza: kilichovunjika hapa ni nadharia, au ni modeli ya chupa yetu?