Ngazi ya Bowditch: kuongeza nguvu ya moyo wa chura kwa kubadili mwendo tu

Karibuni mezani. Chura huyu ameshachomwa ubongo na uti wa mgongo, hasikii chochote. Kifua kiko wazi, kulabu ndogo imeshika ncha ya moyo, na uzi wake unakwenda kwenye kifaa cha kupima mvuto. Dondoshea maji ya Ringer (maji ya chumvi yanayofanana na ya mwilini) mara kwa mara. Moyo ukikauka, zoezi limekwisha.

Kwanza tuunyamazishe, maana ukipiga wenyewe hutaweza kuupangia mwendo. Pitisha uzi kwenye mpaka wa atria (vyumba vya juu vya moyo) na kile kifuko cha nyuma kinachoanzisha mapigo, kisha kaza fundo. Umeona? Kifuko kinaendelea kupiga, ventrikali (chumba cha chini kinachosukuma damu) imetulia. Hili ndilo fundo la Stannius, na wengi hulikosea: ukikaza karibu mno na ventrikali, itaanza tena kupiga yenyewe.

Subiri dakika moja. Tuma mshtuko mmoja wa umeme: kwenye skrini kinatokea kilima kifupi, na urefu wake ndio nguvu ya pigo. Sasa tuma mwingine kila baada ya sekunde 2, usiguse kitu kingine. Kilima cha pili kinakipita cha kwanza, cha tatu kinakipita cha pili, hadi vinalingana. Hiyo ndiyo ngazi.

Kama unadhani ni umeme unaosukuma, panda volti. Kilima hakiongezeki ng'o! Bowditch, Mmarekani aliyekuwa katika maabara ya mwanafiziolojia Carl Ludwig kule Leipzig, Ujerumani, aliyaona yote mawili mwaka 1871.

Siri iko kwenye kalsiamu. Kila pigo huiingiza ndani ya seli, na seli huitoa wakati wa mapumziko. Ukifupisha mapumziko, nyingine inabaki. Sodiamu nayo inarundikana humo ndani na kuzorotesha utoaji wake. Pigo linalofuata linakuta kalsiamu nyingi zaidi, linavuta zaidi. Moyo wa binadamu mwenye afya hufanya hivyo pia. Uliochoka kwa maradhi mara nyingi haupandi ngazi, au hushuka. (Ukitumia panya usishangae, wake hushuka mara nyingi hata akiwa mzima.)

Simamisha umeme dakika moja, uanze upya. Umerudi kipandio cha chini, sivyo?

Mwisho, harakisha kidogo kidogo. Ukiona mstari haushuki tena hadi chini kati ya vilima, moyo haupati nafasi ya kulegea, na vilima vyenyewe vitafupika. Hapo zima umeme, dondoshea Ringer, uuache upumzike.