Sandwichi ya Jibini Yenye Ganda la Jibini Nje (Mkono Mbali na Pani!)

Karibuni tena jikoni. Leo ni sandwichi ya jibini ya kukaanga, na sio ile ya kufunga kwa karatasi ukikimbilia matatu. Ndani ina jibini aina tatu na vitunguu vilivyopikwa hadi vikawa vitamu. Nje ina ganda la jibini lililokauka, ukiuma linasema kach. Sandwichi moja inakula gramu 120 za jibini. Anayehesabu mafuta aende, arudi Jumatatu.

Najua hapa Nakuru tunasema chizi. Lakini nikisema "leo nina chizi kwa pani" kuna mtu ataita majirani. Tuseme jibini tuelewane.

Tunaanza na vitunguu kwa sababu ndivyo vinavyochelewesha. Vitunguu vyekundu 2 vikubwa, kata vyembamba, kijiko 1 cha chakula cha siagi, chumvi kidogo, moto mdogo, dakika 25 hadi 30. Vikianza kushika chini, nyunyiza kijiko cha maji, kwangua, endelea. Vinasinyaa sana, msishtuke. Kwa sandwichi moja tunataka vijiko 2 tu vya chakula, vingine weka kwenye friji. Na viwe vimekauka maji kabisa: kitunguu chenye maji kinatoa mvuke ndani, mkate unalowa na vipande viwili vinateleza kama viatu kwenye tope la Molo.

Vinaendelea hapo nyuma. Sasa jibini, na hapa nitakaa kidogo.

Gauda changa gramu 60, mozarela gramu 25, cheda iliyokomaa gramu 20. Kando weka gauda nyingine gramu 15, hiyo ni ya ganda, usiichanganye. Natangaza wazi: mimi ninauza gauda ya kukata, kwa hivyo mnajua ninavutia upande gani. Lakini kila moja ina kazi yake. Gauda changa ndiyo inayoyeyuka ikawa laini kama uji mzito. Mozarela ndiyo inayovutika zile nyuzi mnazozipenda kwa picha. Cheda iliyokomaa ni ya ladha tu, na ndiyo maana ni kidogo: jibini likikaa muda mrefu linapoteza maji, na protini yake inavunjika vipande vifupi visivyoshika mafuta vizuri. Ukijaza cheda ya zamani peke yake utapata dimbwi la mafuta na chenga chenga katikati.

Nunua kipande kizima ukwaruze mwenyewe. Lile linalouzwa likiwa limekwaruzwa limepakwa unga wa wanga ili lisishikane kwenye pakiti, na unga huo huo unalizuia kuyeyuka vizuri. Mozarela ikikusumbua kwa greta kwa kuwa laini, iweke kwenye friza dakika 15 kwanza.

Na lile jibini la nyumbani la maziwa na limau? Ni tamu, kula na chapati. Kwa sandwichi hii halifai, kwa sababu lililogandishwa kwa asidi haliyeyuki hata ulipigie magoti. Linakauka tu na kuwa kahawia.

Mkate. Mkate mzima usiokatwa, wa jana, kata slesi 2 zenye unene wa sentimita 1 na nusu. Wa jana kwa sababu wa leo bado una unyevu na unabonyea. Kama una mkate wa slesi wa dukani, sawa, lakini punguza jibini la ndani libaki gramu 70, vinginevyo litakimbilia nje.

Siagi gramu 20, laini ya kupakika. Walio Kisumu yenu imeshalainika mezani yenyewe. Sisi wa huku, hasa mwezi wa saba, ni jiwe. Iweke karibu na meko, isiyeyuke, ilainike tu. Wengine wanapaka mayonezi, na kweli inakuwa kahawia sawasawa bila mabaka, lakini ladha ya siagi siiachi. Zile za kupaka zilizopunguzwa mafuta ziacheni: zina maji mengi, mkate unachemka badala ya kukaangika.

Haya, pani. Nzito. Pani ya chapati ni nzuri sana kwa kazi hii. Moto mdogo. Dakika 2 ipate joto...

Ngoja. Mmeona huo moshi? Hiyo ni siagi niliyotupia kujaribu, imekuwa kahawia kabla sijamaliza sentensi. Pani imezidi moto. Zima, toa kando, futa kwa karatasi, subiri dakika 1. Sitaikata sehemu hii ya video kwa sababu hili ndilo litakalokupata na wewe. Pani nzito inaweka joto. Ukipunguza moto haipoi hapo hapo. Siagi inatakiwa ifanye povu polepole na isilie chwaaa.

Wenye meko ya kukaa juu ya mtungi wa kilo 6: moto wenu umejikusanya katikati, utapata duara jeusi katikati na pembeni nyeupe. Zungusha pani robo duara kila dakika. Wa jiko la makaa, funika makaa kwa jivu mpaka wekundu usionekane, ndipo uweke pani.

Tumerudi. Paka siagi upande mmoja wa kila slesi, weka zote mbili chini, dakika 2, hadi ziwe na rangi ya chai ya maziwa. Toa. Huu upande uliokaangwa ndio utakaokuwa NDANI. Watu wanapita hatua hii na ndiyo inayookoa kila kitu: jibini linakaa juu ya mkate wa moto, linaanza kuyeyuka kabla ya nje kuungua, na huo ukavu unazuia mafuta yasilowe mkate.

Panga haraka ukiwa bado wa moto: nusu ya jibini lililochanganywa, vitunguu vijiko 2, nusu nyingine ya jibini, funika na slesi ya pili. Jibini liwe juu na chini ya kitunguu, ndilo gundi. Acha nafasi ya upana wa kidole pembeni. Nyanya mbichi? Hapana, ina maji. Itakuja kwa kachumbari pembeni. Paka siagi iliyobaki nje, pande zote mbili.

Kwenye pani. Moto mdogo. Dakika 4. Dakika ya kwanza tu, funika kwa kifuniko, kisha ondoa. Ukiacha kifuniko muda wote, mvuke unagonga juu na kudondoka, na ganda lako litakuwa laini kama mandazi ya juzi. Bonyeza kidogo kwa mwiko, kidogo, sio kwa hasira.

Samahani kwa kelele, mvua imeanza kupiga mabati. Nitaongea kwa nguvu.

Geuza. Dakika 3 hadi 4 upande wa pili. Angalia hapa pembeni, nasogeza kamera: jibini limeanza kung'aa na linataka kuteremka. Kama mkate umeshakuwa kahawia na jibini halijang'aa, moto wako ulikuwa mkubwa. Zima, funika dakika 1, joto lililobaki litamalizia.

Sasa ganda. Sikilizeni vizuri, hapa ndipo sandwichi zinapofia.

Inua sandwichi kando. Mwaga zile gramu 15 za gauda kwenye pani, tandaza zitoshe ukubwa wa mkate na kuzidi kidogo pembeni. Rudisha sandwichi juu yake. Na sasa USIIGUSE. Usisukume, usichungulie chini. Mwanzoni jibini hilo ni gundi, limeshika pani na limeshika mkate, ukivuta sasa ganda linabaki kwenye pani na wewe unabaki na mkate mtupu. Subiri. Linatoa mafuta, linachemka vipovu vidogo, kelele inakuwa nyingi. Bado usiguse. Maji yakiisha kelele inapungua. Ukisikia kimya...

...mvua hii haitusaidii, sisikii chochote. Basi tumia macho: ukingo uliotoka nje ya mkate ubadilike kutoka manjano hadi kahawia ya karanga iliyokaangwa, na uanze kujikunja juu wenyewe. Ni kama dakika 2, lakini amini rangi kuliko saa. Narudia, usiguse kabla ya ukingo kujikunja. Nimeona mkono wako. Rudisha.

Sasa mwiko bapa, mwembamba, uingie pembeni ukiwa umelala kabisa, sukuma polepole kuzunguka pande zote nne, halafu inua. Mmeona? Limetoka zima. Kama kona moja imeng'ang'ania, iache sekunde 20 zaidi. Usivute.

Geuza ganda liwe juu, weka juu ya wavu wa waya, sio kwenye sahani. Sahani inazuia mvuke na chini inalowa. Dakika 1 na nusu. Ukikata sasa hivi jibini lote litakimbilia mezani. Likipoa kidogo linashika na bado linavutika. Kisu chenye meno, kama unakata kwa msumeno, bila kukandamiza.

Hizo nyuzi ni mozarela ikifanya kazi yake.

Kachumbari ya nyanya, kitunguu, dania, na ndimu ya kutosha. Ukali wa ndimu unakata mafuta, bila hivyo nusu ya pili inakushinda. Chai iwe ya rangi. Ya maziwa na hii ni mzigo.

Ikibaki, pasha kwa pani kavu, moto mdogo, dakika 3 kila upande. Maikrowevu itageuza ganda kuwa mpira. Na pani yenye mabaki ya jibini, loweka kwa maji baridi kwanza. Maji ya moto yanayeyusha jibini likawa nyuzi zinazonata kwenye sifongo, na sifongo hiyo utaitupa.

Anayetaka gauda ya kukata, namba iko hapo chini. Sema tu ni ya sandwichi, nitakupa changa.