Chupa Mbili za Mahindi na Chumvi: mhadhara kwa wanaotafuta kazi kwenye kilimo, chakula na maliasili

Chupa hizi mbili zizunguke ukumbini wakati naongea. Zitikiseni, ziangalieni, lakini vifuniko msifungue. Nimesema msifungue. Kila mahali ninapokwenda lazima apatikane mtu wa kufungua.

Ndani kuna mahindi, yamejaa kama theluthi ya chupa, na vijiko viwili vya chumvi kavu. Moja ina kifuniko chekundu, nyingine cha bluu. Zaidi ya hapo siwaambii. Zikinirudia tutazungumza.

Nimeitwa kuzungumzia nafasi za kazi na mafunzo katika kilimo, chakula na maliasili. Kichwa kirefu kama treni ya mizigo. Nimepewa dakika arobaini, na wanaonifahamu wanajua kwamba ishirini na tano zitaishia ghalani. Nakiri mapema ili mtu asinilaumu.

Shida yangu na mazungumzo ya namna hii ni moja, na nimeisema mpaka sauti imekwaruza. Mtu akisikia kilimo, anaona mtu mmoja tu, mwenye jembe. Siku hizi wameongeza wa pili, mwenye trekta na miwani ya jua. Kati ya mbegu na tonge haoni mtu. Na hapo katikati ndipo kazi zilipojaa, na karibu zote, ukizivua majina yao makubwa, ni kazi za kupima. Kupima unyevu, kupima joto, kupima maziwa, kupima mti, kupima maji. Mkulima analima, sawa. Lakini chakula kinaokoka au kinaharibika mikononi mwa mtu aliyepima vizuri au aliyebahatisha.

Mimi nilibahatisha.

Nilipoanza kazi nilikuwa na cheti kipya na kiburi kipya zaidi. Ghala lilikuwa la mtu ambaye simtaji, maana kosa lilikuwa langu. Lori likaja jioni, mawingu yameshika, wapakuzi wanataka kuondoka. Nikapanda, nikachomoa punje moja kwenye gunia la juu kabisa, nikaiuma. Ikalia kach! Nikaandika kwenye daftari: kavu. Punje moja, jamani, kwa lori zima, tena kutoka gunia lililopigwa jua njia nzima.

Wiki tatu baadaye napita katikati ya malundo, nikaegemea moja nifunge kamba ya kiatu. Mgongo ukapata joto. Nikadhani ni jua la dirishani, lakini upande ule hauna dirisha. Nikapenyeza mkono katikati ya magunia mpaka kwenye kiwiko, nikakuta joto kama kwapa la mtoto mwenye homa. Tukapangua. Magunia ya nje mazima kabisa. Ya katikati, ukikata uzi, mahindi hayamwagiki. Yanatoka bonge, yameshikana kwa utando wa kijani, na harufu yake hata leo nikiikumbuka chakula hakipiti.

Alikuwepo mzee wa mizani, hana cheti hata kimoja. Hakunigombeza. Alikwenda akarudi na chupa na chumvi, akasema, "Kijana, meno yako yapumzishe."

Sasa sikilizeni, hapa ndipo napenda kukaa. Punje ya mahindi haijafa. Ni mbegu iliyolala, na aliyelala anapumua. Ikiwa na unyevu wa asilimia 13 hivi, inapumua polepole mno, unaweza kuifungia ukaisahau. Unyevu ukipanda, inapumua kwa kasi, inatoa joto, na inatoa maji. Maji yale yanaifanya ipumue zaidi. Fukusi wanapenda joto, wanakuja na kuzaana, na wao pia wanapumua. Kuvu wanafuata nyuma. Katikati ya lundo joto halina pa kutokea, kwa hiyo lundo linajipika lenyewe kimyakimya, na wewe huku mbele unamwambia tajiri kila kitu shwari.

Na chumvi? Chumvi kavu hunyonya unyevu. Chupa iwe kavu, chumvi iwe kavu, utikise dakika moja, uiache itulie kama robo saa. Mahindi yakiwa chini ya asilimia 15, chumvi inateleza na kubaki chini. Yakizidi hapo, inaganda kwenye kuta za chupa. Lakini msije mkaondoka hapa mkisema chumvi ikiteleza basi funga gunia uweke mwaka mzima. Chumvi inakwambia hujavuka 15, haikwambii umefika 13. Kati ya namba hizo mbili watu wamepoteza mavuno.

Najua kuna kijana pale nyuma anawaza, "Mwalimu, siku hizi kuna kipimaunyevu, unabonyeza tu." Kipo, na kinunueni. Ila kinakupa namba ya kile kiganja cha mahindi ulichomwagia. Nani alichagua kiganja hicho? Ndiyo maana kuna bambo, kile chuma chenye ncha kinachozama ndani ya gunia. Unachoma juu, katikati, chini, gunia la mlangoni na gunia lililofichwa nyuma, unachanganya, ndipo unapima. Na ukikisahau kile kifaa kwenye alama ya ngano ukakipimia mahindi, kitakupa namba safi kabisa ya uongo. Kubonyeza utafundishwa asubuhi moja. Kuchukua sampuli kunataka mtu anayejali, na huyo ndiye anayetafutwa.

Mtasema nakuza jambo, mahindi kuoza ni hasara tu, yanatupwa. Haya, tuondoke ghalani kwangu. Mwaka 1960 huko Uingereza bata mzinga zaidi ya 100,000 walikufa ndani ya miezi michache. Hakuna aliyejua sababu, ndiyo maana ugonjwa wenyewe ukaitwa X. Madaktari wa mifugo wakapasua, wakakuta maini yameharibika, lakini kijidudu cha kulaumiwa hawakukiona. Ikabidi watu wafuate chakula, gunia kwa gunia, mpaka wakafika kwenye mashudu ya karanga yaliyotoka Brazili. Wataalamu wa kuvu wakamkamata mhalifu, Aspergillus flavus. Wakemia wakaitenga sumu yake, wakaimulika kwa mwanga wa urujuanimno, na madoa yakang'aa, mengine bluu, mengine kijani. Mpaka leo sumukuvu hiyo, aflatoksini, ina aina B na aina G, na herufi hizo si siri ya kitaalamu. Ndizo zinazoanza majina ya rangi hizo mbili kwa Kiingereza.

Hesabuni kazi zilizomo kwenye kisa hicho. Daktari wa mifugo, ndiyo. Mtaalamu wa kuvu, mkemia, mtu wa lishe ya mifugo. Lakini pia aliyechukua sampuli, aliyeosha vioo vya maabara vikawa safi kweli, na anayeandika mzigo huu umetoka wapi na umeingia kwenye chakula kipi. Vitabu vya ghala vikiwa ovyo, X inabaki X. Na sumu ile ukipika haitoki, ukisaga haitoki. Kizuizi chake ni shambani, kwenye uanikaji na ghalani, kabla mpishi hajawasha moto. Kwa hiyo mtu wa bambo analinda maini ya watu asiowajua.

Naona mama mmoja ametikisa kichwa. Nakuelewa, mama. Mwanao amefaulu, na kilimo umesikia ni cha waliofeli. Nikupe mtu aliyefeli. Norman Borlaug, mtafiti wa ngano Mmarekani ambaye kila mwenye hotuba ya njaa lazima amtaje, alianguka mtihani wa kuingia Chuo Kikuu cha Minnesota. Alipita mlango wa pembeni, akaanzia chuo kidogo ndani ya chuo kile kile. Na hakusomea ngano. Alisomea misitu! Mwaka 1937 alikuwa anangoja kazi kwenye idara ya misitu, bajeti ikakatwa, kazi ikayeyuka. Kipindi hicho akaenda kusikiliza mhadhara wa Profesa Stakman kuhusu kutu ya ngano, ugonjwa unaoletwa na kuvu, akageuza njia. Alimaliza uzamivu mwaka 1942, akaenda Meksiko mwaka 1944.

Kazi yenyewe huko ilikuwa nini? Kuinama. Unashika suke la ngano, unang'oa viungo vya kiume kimoja kimoja kwa kibano lisijichavushe lenyewe, unalivisha mfuko wa karatasi, unaandika kibandiko, unakwenda suke la pili. Maelfu. Tena alipanda mara mbili kwa mwaka, Sonora kwenye joto na Toluca kwenye milima, jambo ambalo wakubwa wake waliliona ni wazimu. Mwaka 1970 akapewa Nobeli ya Amani. Mtu wa misitu, mwenye kibano, mgongo unauma. Kwa hiyo mama, mtoto akikwambia anataka kusomea miti, mwache. Huwezi kujua atatokea wapi.

Wapo watakaonigeukia sasa waseme, basi hata shule hazina maana. Sijasema hivyo na msininukuu hivyo. Nasema shahada, stashahada na astashahada si ngazi moja ambayo aliye chini yake amekwama. Ni kazi tofauti. Mnakumbuka sotoka? Chuo cha kwanza cha udaktari wa mifugo duniani kilianzishwa Lyon, Ufaransa, mwaka 1761, na sababu kubwa ilikuwa ng'ombe waliokuwa wakiteketea kwa sotoka. Mwaka 2011 ikatangazwa kwamba sotoka imetoweka duniani. Miaka 250! Katikati hapo yupo Walter Plowright, aliyeitengeneza chanjo pale Muguga, Kenya. Msomi, mtu wa maabara, hatuna ugomvi naye. Lakini chanjo ile ilitaka baridi, na sotoka ilikimbilia mahali ambapo barafu haifiki na daktari haendi. Ikatengenezwa nyingine inayostahimili joto kwa wiki kadhaa bila jokofu, na wafugaji wakafundishwa kuchanja ng'ombe wao wenyewe. Mafunzo yao hayakuwa ya miaka mitano. Bila wao maabara ingekuwa na chanjo nzuri kwenye kabati.

Dakika ngapi? Kumi? Nane. Haya, nimejifunga mwenyewe, maliasili wananisubiri.

Misitu: kitu cha kwanza utakachoshika ni utepe, si shoka. Unapima unene wa mti kwenye kimo cha mita 1.3 kutoka chini, kila mti pale pale, ili namba za leo zilingane na za aliyekuja miaka kumi iliyopita. Samaki: kama hupendi kuamka, achana nayo, maana oksijeni ya bwawa hushuka zaidi kabla ya mapambazuko, na samaki wakija juu kuhema saa hizo, ukifika saa tatu asubuhi utakuta wanaelea. Udongo nimeuacha, na ninajua nimefanya vibaya. Kuna uhimilishaji, yaani kumpa jike mimba bila kumpandisha dume, kuna ukaguzi wa nyama, kuna ukaguzi wa mbegu. Na kuna fundi wa majokofu, ambaye hakuna anayemweka kwenye orodha ya kilimo, lakini akikosekana siku mbili maziwa yote ni ya kumwaga.

Mmoja ameandika swali hapa, chuo gani kizuri. Sitaji chuo. Ukienda kutembelea, usipigwe butwaa na lango. Omba kuona maabara, pitisha kidole juu ya vifaa. Kukiwa na vumbi, umejibiwa. Uliza wanafunzi wanakaa wiki ngapi nje ya darasa na nani anawasimamia huko. Na uliza wanafundisha nini kuhusu kuingia kwenye silo, lile ghala refu la nafaka kama mnara. Wakikuangalia kama umeuliza mambo ya mwezini, ondoka. Nafaka inayotoka kwa chini inammeza mtu mzima ndani ya sekunde, na akishazama mpaka kiunoni huwezi kumvuta kwa mikono. Chuo ambacho hakimwambii mwanafunzi kwamba haingii peke yake, wala haingii kabla mashine haijazimwa na kufungwa, hakistahili ada yako.

Chupa zangu ziko wapi? Leteni. Nani kafungua hii ya bluu? Hakuna? Vizuri, leo nimewapata waungwana.

Wewe kijana mwenye shati la mistari, njoo. Shika nyekundu, inua kwenye mwanga. Chumvi iko wapi? Chini, inateleza. Ya bluu je? Imeganda pembeni. Unanunua mzigo wa bluu? Hununui. Haya, mimi ndiye mwenye mzigo, nimetoka mbali, nakwambia mahindi haya nimeyaanika siku sita, na mvua haikunyesha. Unaniambia nini?

Hapana, usiniite mwongo, nitakasirika na lori lina wateja wengine. Fikiri.

Amesema: "Uliyaanika wapi?"

Mmesikia? Juu ya udongo mtupu, au juu ya turubai? Usiku yalifunikwa, au yaliachwa umande uyaloweshe upya? Mwenyekiti, kijana huyu asiondoke kabla sijazungumza naye.