Adui Anapoliliwa: Kuihakiki Upya Ultraman ya 1966

Mwenyekiti, walimu wangu, wanafunzi na wapenzi wa filamu mliofika, habari za jioni.

Nimeombwa nizungumzie namna ya kuhakiki tamthilia ya zamani. Uhakiki wa jumla hauna nyama, kwa hiyo nimechagua tamthilia moja tu: Ultraman, mfululizo wa Kijapani wa sehemu 39, ulioanza kurushwa na televisheni ya TBS Julai 1966 na kumalizika Aprili 1967, kila Jumapili saa 1 jioni. Wengi wenu mmekua na Power Rangers. Yale mapigano ya watu wenye helmeti za rangi na madubwana yalichukuliwa kutoka tamthilia ya Kijapani ya 1992 iitwayo Zyuranger, yakaunganishwa na picha za waigizaji wa Kimarekani mwaka 1993. Ultraman ni wa ukoo huohuo, ila yeye ni babu.

Hadithi yenyewe ni nyepesi kuieleza. Kijana aitwaye Hayata, wa Kikosi cha Sayansi kinachopambana na madubwana, anagongwa angani na tufe jekundu, anakufa. Ndani ya tufe lile mna kiumbe kutoka nyota ya mbali, kikilifukuza dubwana lililotoroka. Kwa majuto kiumbe kile kinampa Hayata uhai wake, wanakuwa kitu kimoja. Tangu hapo, hatari ikizidi, Hayata hunyanyua kijitochi juu na kugeuka Ultraman, jitu la rangi ya fedha na nyekundu, urefu mita 40.

Ukiitazama leo utaona mara moja kwamba jitu lile ni mtu ndani ya vazi la mpira, na ghorofa linaloporomoka ni la plasta. Mwandishi mvivu huishia hapo: anacheka, anaandika kwamba kitu kimepitwa na wakati, anaweka kalamu chini. Uhakiki wa namna hiyo unatuambia tunachokijua tayari. Mimi nataka mhakiki aulize kwanza watu hawa walikuwa na nini mkononi, na wakakifanyia nini.

Walikuwa na Eiji Tsuburaya, aliyezaliwa 1901, bingwa wa picha za hila aliyelisimamisha Godzilla, dubwana la sinema, mwaka 1954. Kampuni yake ilikuwa na umri wa miaka 3 tu. Mbinu yake kubwa ilikuwa ya kamera: unapiga picha kwa kasi kubwa, halafu unaionesha kwa kasi ya kawaida. Jengo dogo la plasta likianguka hivyo, linaanguka polepole, na jicho linaamini kwamba ni zito. Angalieni mguu wa dubwana unavyotua chini na vumbi linavyopanda. Ule uzito haukutokana na ukubwa wa kitu, umetokana na hesabu ya muda. Mpaka leo mimi huamini uzito ule kuliko ghorofa nyingi zinazoporomoka kwenye filamu za kompyuta.

Fedha ilikuwa haba na wiki ni fupi. Dubwana la sehemu ya 10, Jirass, ni vazi la Godzilla lenyewe lililofungwa ukosi mpana shingoni; katikati ya pambano Ultraman anaung'oa ule ukosi, na anayelijua Godzilla anamtambua mwenyewe. Wengine wangeficha. Hawa waliligeuza kuwa tukio.

Mchoraji Tohl Narita ndiye aliyebuni sura ya Ultraman na madubwana mengi, na mafundi Akira Sasaki na Ryosaku Takayama wakayatia mwili, wa kwanza jitu, wa pili madubwana. Narita hakutaka dubwana la kutisha kwa damu na viungo vilivyonyofolewa. Alitaka kiumbe chenye umbo kamili, mtoto akikiona aogope bila kuchefukwa. Uso wa Ultraman aliuacha mtupu: macho yanayong'aa, midomo iliyofungwa yenye tabasamu dogo sana. Hauchangamki wala haukasiriki. Mwigizaji wa ndani, Bin Furuya, ilimbidi aseme kila kitu kwa mgongo, magoti na mabega. Mtazameni anavyosimama amejikunja, kichwa mbele, mikono tayari. Steringi gani husimama hivyo? Mashujaa hutanua kifua. Huyu anasimama kama mtu anayejua anaweza kuumia.

Na kweli anaweza. Kifuani ana taa ya buluu. Nguvu zake hutoka kwenye jua, na duniani humwishia haraka, dakika 3 hivi kwa hesabu iliyozoeleka. Zikipungua, taa hugeuka nyekundu na kuanza kuwakawaka, na ikizimika hatainuka tena. Narita hakuipenda taa ile, haimo katika mchoro wake. Hapo siungani naye. Uso usiobadilika unahitaji kitu cha kumwambia mtoto kwamba jitu lake limechoka, na taa ile inasema hivyo bila neno hata moja.

Nimekaa kwenye ufundi makusudi, maana bila huo hatuwezi kuifikia sehemu ya 23, ambayo kwangu ndiyo kipimo cha mfululizo mzima. Ilirushwa Desemba 18, 1966. Aliyeiandika ni Mamoru Sasaki, akaiongoza Akio Jissoji, kijana ambaye hakuwa ametimiza hata miaka 30.

Tokyo kunaandaliwa mkutano wa amani wa mataifa. Ndege zinazoleta wajumbe zinalipuka angani moja baada ya nyingine, na hakuna anayeona kinachozipiga. Kikosi kinagundua chombo kisichoonekana, kinakishusha, na hapo linatokea jitu lisilo na shingo, ngozi yake imepasuka kama tope la bwawa lililokauka. Alan, ofisa aliyetumwa kutoka makao makuu ya Paris, analitambua. Si mnyama. Ni mtu, mwanaanga aitwaye Jamila. Chombo chake kilipata ajali, akaishia kwenye sayari isiyo na maji, na serikali iliyomrusha ikaficha habari kwa kuogopa lawama. Hakuna aliyekwenda kumtafuta. Mwili wake ukabadilika ili aweze kuishi. Amri kutoka Paris ni fupi: auawe kama dubwana jingine lolote, na ulimwengu usijue alikuwa nani.

Ide ni fundi wa kikosi, na katika sehemu nyingi ndiye wa kutuchekesha. Hapa anatupa silaha chini. Anawaambia wenzake kwamba hata wao siku moja wanaweza kuwa Jamila. Kapteni Muramatsu hana jibu la kumpa, ana amri tu.

Jamila anachoma kijiji. Mtoto mmoja anarudi nyumbani moto ukiwaka, kumwokoa njiwa wake, na Ide anamkimbilia. Kisha anageuka na kulipigia kelele jitu lile: Jamila, hata moyo wa binadamu umekuishia? Na Jamila anasimama. Anakitazama kijiji kinachoungua. Nawaomba mkiifikia picha hiyo msiisogeze mbele. Vazi la mpira haliwezi kukunja uso, na muongozaji analijua hilo, ndiyo maana anatupa muda. Ndani ya muda ule mtazamaji mwenyewe ndiye anayeujaza uso wa Jamila majuto.

Halafu anaendelea na safari yake ya kisasi, kwa kuwa hadithi hii haimsafishi. Ameua watu, na itabaki hivyo. Anafika kwenye jumba la mkutano na kuzivunja bendera za mataifa zilizopangwa mbele yake. Ultraman anapokuja, hatumii ule mwali wake maarufu wa mikono iliyopishana. Anaunganisha viganja na kumwagia maji. Maji, yale aliyoyakosa huko alikoachwa, ndiyo yanayomuua. Jamila anaanguka, anagaagaa topeni, ananyoosha mkono, na sauti inayomtoka inafanana na kilio cha mtoto mchanga. Mlio huo hauishi haraka. Jissoji anauacha mpaka mtu anatamani kuzima televisheni.

Mwishoni anajengewa kaburi, na juu ya jiwe wanaandika kwa Kifaransa kwamba alijitoa kwa ajili ya ndoto ya binadamu na maendeleo ya sayansi. Wenzake Ide wanaondoka. Ide anabaki, anasema kwamba wanaotolewa kafara huishia hivyo siku zote, mazuri ni maneno peke yake.

Kumbukeni ilikuwa saa 1 jioni ya Jumapili, watoto wamekaa mbele ya televisheni, Marekani na Urusi ya Kisovieti zikishindana kwenda mwezini. Mwezi uliofuata, Januari 1967, wanaanga 3 wa Marekani walikufa kwa moto ndani ya Apollo 1 wakiwa bado ardhini, na Aprili Vladimir Komarov wa Kisovieti akafa akirejea kutoka angani. Watoto wa Japani nao walikuwa wakivuta fulana zao mpaka juu ya kichwa, shingo ipotee, wawe Jamila. Waliligeuza mchezo lile jitu ambalo wakubwa waliamuru lisijulikane.

Sitaki mdhani sehemu zote ni hivi. Zipo ambazo ni dubwana, ghorofa, mwali, kwaheri, na ukiziruka hujapoteza kitu. Akiko Fuji, mwanamke pekee kikosini, huachwa mno na waandishi kwenye redio ya mawasiliano. Ananigusa kila anapopewa kazi ya maana, na ninasikitika kwamba hapewi mara nyingi. Lakini tazameni ya 15, ambapo mchoro wa mtoto unageuka dubwana lisilofanya lolote ila kulala na kukoroma, na watoto wanalia lisiuawe. Tazameni ya 35, ambapo kikosi kinawafanyia ibada ya kumbukumbu madubwana kiliyoyaua. Katika ya 33, Mefilas anatoka anga za mbali akiwa na ombi moja tu: mtoto atamke kwa hiari yake kwamba anampa dunia. Mtoto anakataa. Mefilas anapigana kidogo na Ultraman, anaona hakuna faida, anaondoka zake. Pambano lilishaamuliwa na mtoto.

Ile ya 33 iliandikwa na Tetsuo Kinjo, kiongozi wa waandishi. Alikulia Okinawa, kisiwa kilichoona vita vya kutisha mwaka 1945 na kubaki chini ya utawala wa Marekani hadi 1972. Wapo wahakiki wa Kijapani wanaomsoma Ultraman kama Marekani, na kikosi kama Japani inayolindwa na mwenye nguvu kutoka nje. Usomaji huo una mashiko, ila ukiufuata peke yake unaipunguza hadithi. Katika sehemu ya 37 Ide anauliza waziwazi: kama kila mara Ultraman ndiye anayemaliza kazi, sisi tupo kwa ajili gani? Hayata anaweza kugeuka palepale, lakini anasubiri mpaka Ide ashike silaha na kupigana mwenyewe. Hilo ni swali la Okinawa, sawa. Ni swali pia la mwananchi yeyote anayesubiri mkubwa aje kumwokoa. Sehemu hiyo ilitazamwa kuliko zote, asilimia 42.8, na wastani wa mfululizo ulikuwa 36.8. Hawakuacha kwa kukosa watazamaji. Waliacha kwa sababu mikono haikuweza tena kumaliza kazi ya wiki ndani ya wiki.

Kwetu, waliokulia kwenye vibanda vya video wanaijua sheria: steringi hafi. Katika sehemu ya 39 steringi anakufa. Dubwana Zetton linaumeza mwali wa Ultraman, linampiga kwenye taa ya kifuani, taa inazimika. Anayeliua Zetton ni Arashi wa kikosi, binadamu, kwa bomu dogo la mwanasayansi Daktari Iwamoto. Kisha anashuka Zoffy, ndugu kutoka nyota ileile, kumrudisha Ultraman nyumbani. Ultraman anakataa kuondoka kama Hayata atakufa, anamwambia kijana huyu bado mdogo, mpe yeye uhai wangu. Zoffy anajibu kwamba ameleta uhai wa pili, wote wawili wataishi.

Hapa nina lawama. Uhai ule wa pili haukuandaliwa popote. Umeangushwa mezani dakika ya mwisho, na unaipunguzia uzito sadaka ya Ultraman. Ila kinachofuata kinanisumbua mpaka leo, na nitawaachia mkijadili. Hayata anazinduka, na hakumbuki chochote tangu siku ile alipogongwa na tufe jekundu. Sasa yule aliyekaa na wenzake miezi yote ile, aliyekula nao, aliyemngoja Ide apate ujasiri wake, alikuwa nani? Mfululizo haujibu. Mimi naamini alikuwa yule mgeni kutoka nyota ya mbali, akijifunza kuwa mtu, na kwamba ndiye aliyemmwagia Jamila maji akimjua ni nani. Anayeona vinginevyo aje na ushahidi wa sehemu na tukio. Maswali nayapokea.