Presha ya mtoto si presha ya babu

Ndugu zangu wa Chamwino, wazazi na wahudumu wa afya, lipo jambo linaloumiza: mtoto wa miaka 9 kupewa vidonge vya presha na kurudishwa nyumbani bila mtu kuuliza presha hiyo imetoka wapi.

Kwa mtu wa miaka 50, mara nyingi ukitafuta chanzo kimoja hukipati. Ni urithi, chumvi, unene na umri, vyote pamoja. Kwa mtoto mdogo, anza na figo.

Mtoto ameumwa koo, au upele umekunwa mpaka ukatunga usaha, kama tunavyouona maji yanapoadimika. Ugonjwa unapoa. Wiki 1 hadi 3 baada ya koo, au 3 hadi 6 baada ya ngozi, kinga iliyokuwa ikipigana na bakteria inaumiza vichujio vya figo. Chumvi na maji vinabaki mwilini, presha inapanda. Asubuhi mtoto anaamka kope zimevimba, mkojo una rangi ya chai ya rangi. Mpelekeni siku hiyohiyo, apimwe presha, na mkojo upimwe damu na protini. Presha ikipanda ghafla huleta degedege, na hapo wengi hukimbilia kwa mganga.

Mkanda wa mashine nao ukaguliwe. Ukiwa mdogo kwa mkono husika, unatoa presha isiyokuwapo. Mfuko wake wa hewa uzunguke walau asilimia 80 ya mkono. Kisha gusa kinena: mapigo yakiwa hafifu, au yakichelewa kuliko ya mkononi, pima presha ya mguu. Ikiwa chini ya ile ya mkono, huenda mshipa mkuu wa damu umebanwa tangu kuzaliwa. Huo hutanuliwa au hufanyiwa upasuaji. Vidonge peke yake haviufungui.

Kwa wanawake vijana, uliza kuhusu mimba, vidonge vya majira na diklofenaki, dawa ya maumivu. Mjamzito aliyepita wiki 20 akifikisha 140/90, ni hospitali siku hiyo.

Wa makamo anayetumia dawa tatu, mojawapo ya kukojosha, na presha haishuki? Kwanza hakikisheni anazimeza kweli. Muulizeni mwenzake kama anakoroma na kukatikiwa pumzi usingizini. Potasiamu ipimwe, ikiwa chini, tezi zilizo juu ya figo zichunguzwe. Na magadi ya kwenye mlenda yahesabiwe pia, maana ni sodiamu kama ilivyo chumvi.

Mzee ambaye presha yake ilitulia miaka mingi ikapanda ghafla, tushuku mishipa ya figo kuziba kwa mafuta. Akianzishiwa dawa za presha kama enalapril au losartan, kreatinini, kipimo cha damu kinachoonyesha figo zinavyofanya kazi, ipimwe kabla, kisha wiki 1 hadi 2 baadaye. Ikipanda zaidi ya asilimia 30, arudi kwa daktari haraka: dawa iangaliwe upya, na mishipa ya figo ipigwe picha.